Aliyechukua Damu Yambuku: Mhadhara Kuhusu Hesabu ya Makala na Marejeo



Mtafiti wa vijidudu siku hizi hutambulishwa kwa namba tatu kabla ya jambo lingine lolote. Amechapisha makala ngapi? Zimerejelewa na wenzake mara ngapi? Fahirisi yake ya h ni ngapi? Namba hizo ziko wazi kwenye intaneti na mtu yeyote anaweza kuzitazama kwa simu yake akiwa ndani ya daladala. Vyuo vinaajiri kwa kuzitazama, kamati zinapandisha vyeo kwa kuzitazama, na wafadhili wanafungua mikoba yao au wanaifunga kwa kuzitazama.

Hoja yangu ya jioni hii ni moja. Fahirisi ya marejeo ilibuniwa ili imsaidie mtafiti kusoma kwa makini, na sisi tumeigeuza kuwa ruhusa ya kutosoma. Kosa hilo lina gharama popote duniani, lakini linatugharimu zaidi sisi ambao kazi zetu nyingi hufanyika mahali ambapo kalamu ya uandishi imeshikwa na mtu mwingine. Nitaieleza hoja hii kwa kumfuata mtafiti mmoja, Jean-Jacques Muyembe-Tamfum wa Kongo.

Muyembe alizaliwa mwaka 1942. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Lovanium pale Kinshasa, kisha akaenda Leuven, Ubelgiji, akasomea virusi hadi shahada ya uzamivu, akarudi kwao kufundisha. Septemba 1976 serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilimtuma kaskazini, Yambuku, kijiji cha misheni katika jimbo la Équateur. Watu walikuwa wanakufa huko kwa homa ambayo haikuitii dawa yoyote, na watawa wa Kibelgiji waliokuwa wakiwauguza walikuwa wameanza kufa nao. Wengi walidhani ni homa ya matumbo au homa ya manjano.

Alichokiona alipoanza kuchukua damu amekisimulia mara nyingi, na ninawaomba wanafunzi wakisikilize kama watu wa fani. Ukichomoa sindano mkononi mwa mgonjwa, unaweka pamba, unabonyeza kidogo, damu inakata. Pale Yambuku damu haikukata. Iliendelea kutoka kwenye kitundu cha sindano, ikamlowesha vidole na mikono. Glavu hakuwa nazo. Alinawa kwa maji na sabuni, akaendelea na mgonjwa mwingine. Kisha akamshawishi mtawa mmoja aliyekuwa na homa asafiri naye hadi Kinshasa, ambako mtawa huyo alifariki. Damu kutoka Kinshasa ikasafirishwa ndani ya chupa ya kuhifadhia joto hadi Taasisi ya Tiba ya Tropiki, Antwerp. Kutoka Antwerp sampuli zikaenda Porton Down, Uingereza, na Atlanta, Marekani. Chini ya darubini ya elektroni kikaonekana kirusi kirefu, kilichojipinda kama mnyoo. Kikapewa jina la mto wa upande ule, Ebola, ili kijiji cha Yambuku kisibebe aibu ya jina hilo daima.

Tarehe 12 Machi 1977 jarida la Lancet lilichapisha makala tatu kwa mkupuo, moja kutoka kila maabara kati ya hizo tatu. Ndizo makala za kwanza za Ebola duniani, na zimekuwa zikirejelewa tangu siku hiyo. Someni majina ya waandishi wake. Jina la Muyembe halimo katika hata moja.

Sisemi kwamba waliotazama kwenye darubini hawakufanya kazi. Waliifanya, tena kwa kuhatarisha maisha yao; Porton Down mtafiti mmoja alijichoma kwa sindano yenye kirusi hicho akaugua, akapona kwa shida. Ninachosema ni kwamba sayansi iliamua kugundua ni kuona, na kwamba kwenda, kuuliza, kushika mkono wa mgonjwa na kuchukua damu ni kazi ya utumishi tu. Uamuzi huo ukachapishwa, na kilichochapishwa ndicho kinachohesabiwa. Ukitafuta leo katika hifadhidata za marejeo nani ana sehemu katika ugunduzi wa Ebola, mashine itakupa jibu la haraka na sahihi kabisa kwa mujibu wa karatasi, na jibu hilo litakuwa limemwacha nje mwanasayansi aliyekwenda Yambuku.

Kuna jambo jingine la mwaka huohuo ambalo naliona zito zaidi. Tume ya kimataifa iliyochunguza mlipuko ule ilikuta kwamba hospitali ya Yambuku ilikuwa ikitoa sindano tano kila asubuhi. Tano, kwa ajili ya wagonjwa wa nje, kliniki ya wajawazito na wodi zote. Kati ya mgonjwa na mgonjwa, sindano ilisuuzwa kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, au haikusuuzwa. Watu 318 waliugua, 280 wakafa, na sindano zile tano zilikuwa na sehemu kubwa katika vifo hivyo. Ugunduzi huo ulikuwa na maana ya moja kwa moja kwa kila zahanati ya bara hili. Ulichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, na mwandishi wake aliyeandikwa ni Tume. Hakuna fahirisi ya h inayoweza kuiongezea tume chochote. Kazi iliyookoa watu wengi kuliko picha yoyote ya darubini haina mwenyewe katika daftari hili la sifa.

Sasa tulitazame daftari lenyewe, lilitoka wapi.

Mwaka 1955 Mmarekani aitwaye Eugene Garfield aliandika katika jarida la Science akipendekeza orodha ya aina mpya. Orodha za kawaida humwambia msomaji makala fulani imetegemea makala zipi zilizoitangulia. Yeye alitaka orodha inayotazama mbele: makala hii ilipokwisha kuchapishwa, nani aliitaja baadaye, na alisema nini? Wazo hilo alilichota kwa wanasheria. Tangu mwaka 1873 mawakili wa Marekani walikuwa na vitabu vya Shepard, na wakili aliyetaka kuegemea hukumu fulani alivifungua kwanza ili ajue kama hukumu ile bado inasimama. Je, mahakama zilizofuata zimeithibitisha? Zimeipunguza nguvu? Zimeitengua? Ole wake wakili aliyesimama mbele ya jaji na hukumu iliyokwisha tenguliwa.

Garfield alieleza wazi kwamba anataka kumlinda msomaji makini asije akategemea takwimu za uongo, pungufu au zilizopitwa na wakati bila kujua kuwa wengine walikwisha kuzipinga. Mwaka 1964 kampuni yake ilitoa fahirisi ya kwanza ya marejeo ya sayansi. Kilikuwa chombo cha mkutubi. Ulifungua ukurasa, ukapata majina ya makala zilizofuata, ukaenda rafuni ukazisoma.

Kisha watu wakagundua kwamba orodha inaweza kujumlishwa. Na ukishajumlisha, swali la wakili, je, bado inasimama, hutoweka. Makala iliyotajwa mara mia kwa kusifiwa na makala iliyotajwa mara mia kwa kukanushwa zinapata mia sawasawa. Hapo ndipo tulipopotea njia, na yote yaliyofuata ni matokeo yake.

Kwanza yalipimwa majarida. Kipimo cha ushawishi wa jarida ni hesabu rahisi: chukua marejeo ya mwaka huu kwa makala ambazo jarida lilizitoa katika miaka miwili iliyotangulia, ugawanye kwa idadi ya makala hizo. Miaka miwili tu. Kipimo hiki kilikusudiwa kuwasaidia wakutubi kuchagua majarida ya kununua, sasa kinatumika kuwapima watu wanaoandika ndani ya majarida hayo. Na milango ya majarida yenye namba kubwa ina bei. Nature lilipofungua njia ya kuchapisha makala zitakazosomwa bure, mwaka 2021, ada yake ilikuwa yuro 9,500 kwa makala moja. Kila mmoja wenu anajua bajeti ya idara yake.

Mwaka 2005 mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Jorge Hirsch, akaleta kipimo cha mtu mmojammoja. Panga makala za mtafiti kuanzia iliyorejelewa zaidi hadi iliyorejelewa kidogo. Teremka ukihesabu. Ukifika mahali ambapo makala ya 12 imerejelewa angalau mara 12 lakini ya 13 haikufika 13, simama hapo: fahirisi yake ni 12. Hirsch alipendekeza kuwa kwa wanafizikia wa vyuo vikubwa vya utafiti, 12 au karibu na hapo ingetosha kwa profesa mshiriki, na 18 kwa profesa kamili. Yeye mwenyewe alionya kwamba fani hazilingani. Alimkuta mwanafizikia wa juu kabisa, Edward Witten, ana 110, na mtaalamu wa biolojia ya ubongo, Solomon Snyder, ana 191, na hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba Snyder anajua mambo karibu mara mbili ya Witten. Watu wa biolojia ni wengi, wanaandika mara kwa mara na wanatajana sana. Mwaka 2020 Hirsch aliandika tena, akakiri kwamba kipimo chake kinaweza kuleta madhara makubwa yasiyokusudiwa.

Ona mambo ambayo fahirisi hii haiyaoni. Mtu aliyeandika makala tatu tu maishani, kila moja ikarejelewa mara elfu mbili, anapata 3. Mwandishi wa peke yake na mwandishi wa themanini katika orodha ya mia wanapata sawa. Na haishuki hata siku moja. Ukikosea, ukathibitishwa umekosea, na dunia nzima ikaandika kuonyesha ulipokosea, inapanda.

Halafu kuna muda. Aprili 1947, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, tumbili namba 766 aliyekuwa kwenye kizimba juu ya mti alipata homa. Watafiti wa taasisi ya homa ya manjano walikuwa wamemweka pale kama mtego wa virusi. Damu yake ilitoa kirusi kisichojulikana, na Januari 1948 kirusi hichohicho kikapatikana kwa mbu wa msitu huo. George Dick, Stuart Kitchen na Alexander Haddow walichapisha habari hiyo mwaka 1952. Wachache sana waliigusa kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 2007 kirusi cha Zika kikaibuka kisiwa cha Yap, mwaka 2013 Polinesia ya Ufaransa, mwaka 2015 Brazili, ambako watoto walizaliwa na vichwa vidogo. Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura, na makala ile ya mwaka 1952 ikaanza kurejelewa kila wiki kote duniani, kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwa uangalifu na ilikuwa bado inasimama. Kipimo cha miaka miwili kingesema nini kuhusu makala hiyo mwaka 1954? Kingesema haina thamani.

Vivyo hivyo kwa chikungunya. Mlipuko wa Newala, katika uwanda wa Wamakonde, ulianza mwaka 1952, na makala zake zilitoka mwaka 1955. Ugonjwa ule sasa unawakunja watu Asia, Amerika na visiwa vya Bahari ya Hindi, na kila anayeuandika analazimika kuanzia kusini mwa Tanganyika. Virusi vya misitu na vijiji vyetu haviendi kwa mwaka wa fedha wa mtu.

Sasa nije kwenye upande wa pili wa shilingi, kwa mtafiti ambaye namba zake zilikuwa kubwa kupita kiasi. Didier Raoult wa Marseille, Ufaransa, ana makala zaidi ya 2,000. Ni haki kusema kwamba baadhi yake ni kazi za kweli na nzuri: timu yake ilifanikiwa kuotesha bakteria wa ugonjwa wa Whipple uliowashinda watu kwa miongo mingi, na mwaka 2003 ilikuwa miongoni mwa waliotangaza kirusi kikubwa ajabu kinachoishi ndani ya amiba. Hata hivyo, piga hesabu: makala 2,000 ni makala moja kila wiki kwa karibu miaka 40. Hakuna binadamu anayefanya, kuelewa na kuhakiki jaribio jipya la maabara kila wiki kwa miaka 40.

Machi 2020, dunia ikiwa imefungiwa ndani, Raoult na wenzake walichapisha makala iliyodai kwamba haidroksiklorokwini, na zaidi ikichanganywa na azithromaisini, inawasafisha wagonjwa wa Korona virusi kwa siku chache. Makala ilipokelewa na jarida tarehe 16, ikakubaliwa tarehe 17. Mhariri mkuu wa jarida hilo alikuwa mmoja wa waandishi wake. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 36: 20 waliopewa dawa na 16 ambao hawakupewa. Lakini walioanza dawa walikuwa 26. Sita waliondolewa kwenye hesabu, na kati ya hao sita watatu walikuwa wamehamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi na mmoja alikuwa amekufa. Tafakarini hilo kidogo. Aliyekufa akiwa anatumia dawa hakuhesabiwa dhidi ya dawa.

Dawa hiyo ilinunuliwa na serikali, ikagombewa madukani, na wagonjwa wa lupasi walioihitaji kweli wakaikosa. Juni 2020 jaribio kubwa la Uingereza lililoitwa RECOVERY lilionyesha kwamba haiwasaidii wagonjwa waliolazwa. Makala ya Marseille iliendelea kurejelewa, na sehemu kubwa ya marejeo hayo ilikuwa ya kuikosoa. Desemba 2024 jarida likaifuta rasmi, kwa sababu za kimaadili na za kitaalamu, baada ya baadhi ya waandishi wake wenyewe kujitenga nayo. Ilikuwa imekwisha kurejelewa zaidi ya mara 3,000. Kuna watafiti hodari katika ukumbi huu ambao marejeo yao yote ya maisha hayafiki robo ya hayo.

Turudi kwa Muyembe, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu ilipo.

Mwaka 1995 Ebola ilizuka Kikwit, mji mkubwa wa jimbo la Bandundu. Muyembe alikuwepo, na watu karibu wanane katika kila kumi waliougua walikuwa wanakufa. Yeye na wenzake wa Kikongo wakachukua uamuzi mgumu: walichukua damu ya waliopona wakawaongezea wagonjwa wanane. Saba kati ya wanane wakapona. Makala ya habari hiyo ilitoka mwaka 1999, na mara hii majina ya Wakongo yapo, kuanzia mwandishi wa kwanza.

Wataalamu wengi hawakushawishika, na walikuwa na haki. Wagonjwa wanane ni wachache. Hapakuwa na kundi la kulinganisha. Waliongezewa damu mlipuko ukielekea mwisho, wakati hali ya matunzo wodini ilikuwa imekuwa nzuri zaidi. Kwa mizani ya mbinu, jaribio la Kikwit na lile la Marseille ni ndugu: dharura, wagonjwa wachache, hakuna bahati nasibu ya kuwagawa, na matokeo ya kufurahisha mno. Mtu anayetazama namba peke yake hawezi kujua lipi linastahili kuaminiwa, na kama ataamua kwa namba, ataichagua Marseille bila kusita.

Tofauti iko katika kile kila mmoja alichofanya baada ya kuulizwa maswali. Raoult alishikilia kwamba majaribio ya kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu hayahitajiki. Muyembe alibaki na swali lake kwa zaidi ya miaka 20 na akakubali lijibiwe na ushahidi, hata pale ushahidi ulipomkata. Mwaka 2015, nchini Guinea, plazima ya waliopona ilijaribiwa kwa wagonjwa wengi zaidi na haikuonyesha kupunguza vifo kwa kiwango cha kuaminika. Dai la Kikwit kwa umbo lake la kwanza halikusimama.

Lakini ndani yake kulikuwa na punje iliyosimama. Mwaka 2006 mtu mmoja aliyeugua na kupona Kikwit mwaka 1995 alitoa damu tena, na miaka 11 baada ya ugonjwa mwili wake bado ulikuwa unatengeneza kingamwili dhidi ya Ebola. Daktari kijana wa Kikongo, Sabue Mulangu, aliifanyia kazi katika taasisi za afya za Marekani pamoja na timu ya Nancy Sullivan. Kutoka katika damu ile ilipatikana kingamwili moja yenye nguvu, ikaitwa mAb114, na habari zake zikachapishwa mwaka 2016.

Kisha ikaja Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri mwaka 2018. Hapo ndipo Muyembe na wenzake walipofanya jambo ambalo wengi walisema haliwezekani katikati ya vita: jaribio la dawa nne, wagonjwa wakigawanywa kwa bahati nasibu, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Jaribio lilipewa jina la Kiswahili, lugha ya masoko na ya wodi za huko: Pamoja Tulinde Maisha. Kwa kifupi, PALM. Wagonjwa 681 waliandikishwa. Kwa siku 28, waliopewa ZMapp walikufa karibu asilimia 50, waliopewa remdesivir asilimia 53, waliopewa mAb114 asilimia 35, na waliopewa REGN-EB3 chini kidogo ya asilimia 34. Agosti 2019 dawa mbili za mwanzo zilisitishwa ili wagonjwa wote wapewe zile zilizofanya vizuri. Mwandishi wa kwanza wa makala hiyo katika jarida la tiba la New England ni Mulangu. Jina la Muyembe limo. Desemba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mAb114 kuwa tiba ya Ebola.

Fungueni sasa fahirisi kama alivyotaka Garfield, yaani kama wakili anayefuatilia hukumu. Anzeni na makala ya Kikwit ya mwaka 1999. Mtakuta ilitiliwa shaka, ikajaribiwa Guinea, ikapunguzwa nguvu, ikasafishwa maabara, ikarudi Beni ikiwa dawa. Huo ndio wasifu wa mtafiti. Unasomeka, lakini haujumlishiki. Unahitaji mtu mwenye ujuzi wa fani, mchana mmoja, na nia njema.

Nimekaa kwenye kamati za vyeo, na ninajua mchana huo haupatikani. Mafaili ni mengi, chai inapoa, na mtu anafungua ukurasa wenye namba. Nakumbuka faili la mhadhiri mmoja aliyekuwa amejenga huduma ya kuotesha damu katika hospitali ambayo haikuwahi kuwa nayo. Kila asubuhi watu wake walitoa sahani za agari kwenye chumba cha joto, wakachukua rula, wakapima kwa milimita upana wa duara lililo wazi kuzunguka kila kidonge cha antibiotiki, wakaandika kwenye rejista, wakapiga simu wodini: dawa hii mtoto huyu haitamsaidia, mbadilishieni. Hospitali iliacha kutumia dawa moja kwa watoto wachanga kwa sababu ya rejista ile. Mhadhiri huyo alikuwa na makala nne. Kamati ilichukua dakika chache kumaliza faili lake, na wala hatukuiona rejista.

Wengine wameshatuonya. Watafiti waliokutana San Francisco Desemba 2012 walitoa azimio la kutaka kipimo cha jarida kisitumike kumpima mtu, na maelfu ya taasisi na watu wamelitia saini. Kutia saini ni rahisi. Kubadili fomu ya maombi ya cheo ndiyo kazi, na ningependa tuianzie hapo.

Ninapendekeza fomu yetu iache kuuliza idadi ya makala. Imtake mwombaji alete kazi tatu, zisizidi tatu, na kwa kila kazi ajibu kwa aya moja: nilifanya nini kwa mikono yangu, nani walikuwa nami, na baada ya hapo wengine wameithibitisha, wameirekebisha au wameipinga vipi? Kazi hiyo inaweza kuwa makala. Inaweza pia kuwa rejista ya maabara, mkusanyiko wa vimelea vilivyohifadhiwa kwenye friza pamoja na kumbukumbu zake, au mwongozo wa Kiswahili ambao wauguzi wanautumia wodini, maana hifadhidata kubwa za marejeo haziuoni mwongozo huo kabisa. Wanakamati wawili wasome kila kazi na waandike walichosoma, wakiweka majina yao chini. Kama hawana muda wa kusoma kazi tatu, basi wapunguziwe mafaili.

La pili linahusu sampuli. Muyembe, akiwa mkuu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba Kinshasa, alifika mahali akasema damu ya Wakongo haitatoka tena kwenda nje ili kazi ifanywe huko bila wao, na utafiti ufanyike Kongo, na Wakongo wakiwemo. Mikataba yetu ya kupeleka sampuli nje inataja mengi kuhusu barafu kavu, vibali na bima. Itaje pia, kabla chupa ya kwanza haijafungwa, nani atakuwa mwandishi, na fundi wa maabara aliyekwenda kijijini kuichukua damu ile aingizwe katika orodha hiyo kwa jina lake kamili.

Nadhani tunayo nusu saa ya maswali, na ningependa wanafunzi waanze.